JE, USHAHIDI HUWEKWA RAHANI?

Tumeulizwa na baadhi ya wazazi wa mji wetu mas-ala ambayo wazee wetu hawakuyajua, na leo yamekuwa ya kila siku. Mas-ala yenyewe ni haya: chuo kikimzuilia mwanafunzi hati ya matokeo ya masomo yake, hiyo ambayo vijana huiita transkripti, kwa sababu anadaiwa karo, na kwa kuzuiliwa huko akakosa kuingia chuo cha uuguzi, je, chuo kimechukua haki yake au kimedhulumu?

Waliotuuliza wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema chuo ni dhalimu, wala halitaki kusikia khabari ya deni. Fungu la pili lasema mdaiwa hana kauli. Alipe kwanza ndipo aseme. Sisi twaona mafungu yote mawili yamekata hukumu kabla ya kuitazama ile karatasi yenyewe na kujiuliza ni kitu gani. Na huko kuitazama ndiko ufunguo wa mas-ala haya.

Ili jambo lifahamike, na tuliweke mahali panapojulikana. Kwa Vonza ni mji mdogo katika Kaunti ya Kitui. Hapo ndipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichoanza mwaka 2008 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali palipokuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, kisha kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Watoto wa Pwani waliofaulu mitihani hupangiwa vyuo vya bara kama hicho, wakakaa darasa moja na watoto wa Kitui na Makueni. Nchi ile ni kavu. Mvua ikikosekana, ndengu na kunde hukauka shambani, na mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa. Mzazi wa huko hulipa karo kwa mbuzi na ndengu, kama mzazi wa kwetu alipavyo kwa samaki, nazi na korosho. Wote wawili wategemea riziki isiyokuja kwa tarehe, ilhali karo ina tarehe yake.

Basi na tukadirie binti mmoja aliyesoma sayansi chuoni kwa miaka 2. Mwaka wa kwanza karo ililipwa yote. Mwaka wa pili mambo yakaharibika nyumbani, ikalipwa nusu. Binti akaendelea kuhudhuria, akafanya mitihani, akafaulu. Kisha akaacha, kwa kuwa hakuwa na cha kulipia mwaka wa tatu. Sasa amepata njia ya kusomea uuguzi, kazi inayohitajiwa katika kila zahanati kutoka Kitui hadi Lamu. Chuo cha uuguzi chamwambia alete hati ya masomo aliyoyasoma. Arudipo alikotoka, aambiwa amalize deni kwanza. Deni hawezi kulilipa illa apate kazi. Kazi hawezi kuipata illa asome. Na kusoma hawezi illa apewe hati. Huu ni mfano tu wa kulifahamia jambo. Hatumsemi mtu maalumu, wala hatukituhumu chuo tulichokitaja. Lakini kila mzazi asomaye maneno haya anamjua binti wa namna hiyo, au kijana wa kiume mfano wake.

Na tuanze na haki ya chuo, kwani mwenye kudai ana haki ya kusikizwa. Chuo kimefundisha. Walimu wake wana watoto wa kulisha, taa zake zawaka kwa fedha, na vitabu vyake havikuokotwa. Aliyesomeshwa, kisha akajiona hana wajibu kwa kuwa mdai ni taasisi wala si mtu, amejidanganya nafsi yake. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza, akauliza kama maiti alikuwa na deni. Alipoambiwa analo, na hakuacha cha kulilipia, aliwaambia maswahaba wamsalie wao. Hata Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Pia ametufundisha kwamba mwenye uwezo anapochelewesha kulipa huwa anadhulumu. Na wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakutaja dawa ya pili.

Lakini sheria hiyo hiyo imepambanua baina ya mwenye nacho akafanya inda na asiye nacho. Katika Sura ya Albaqara, aya ya 280, mdai ameamrishwa ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na akaelezwa kwamba kumsamehe ni bora zaidi kwake. Muhula huo kwa mwenye dhiki ni haki aliyopewa na Mola wake, nao si hisani ya mdai. Kwa hivyo kabla ya kufunga kabati, chuo chapaswa kujiuliza swali moja: huyu hataki kulipa, au hana? Katika mfano wetu binti hana. Hata hivyo hatutaki kuisimamisha hoja yetu juu ya huruma peke yake. Huruma yaweza kutolewa na yaweza kunyimwa. Sisi twataka kujua kama chuo kina haki ya kukishika kile kinachokishika.

Je, hati ya matokeo ni nini? Lugha yetu imekwisha kutujibu. Cheti cha kuhitimu chuo kikuu twakiita shahada, na cha chini yake stashahada. Na neno shahada asili yake ni ushahidi. Hati ile ni maneno ya mashahidi. Walimu washuhudia kwamba fulani alikuja, akasoma kitu fulani, akapimwa, akapata kadha wa kadha. Mambo hayo yamekwisha kutokea. Chuo hakimpi mwanafunzi alama zile siku ya kumpa karatasi; alama alizipata siku ya mtihani. Karatasi yasema tu kwamba ni kweli.

Sasa tazama, ewe msomaji, mpango wa aya za deni katika sura ile ile. Aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur-ani, inafundisha kwamba deni liandikwe na liwekewe muda na mashahidi. Na ndani yake mashahidi wamekatazwa kukataa wanapoitwa. Aya ifuatayo, ya 283, imeruhusu rahani mtu anapokuwa safarini na asipate mwandishi. Kisha aya hiyo hiyo ya rahani imekataza kuficha ushahidi, na imebainisha kwamba mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Vitu viwili vimetajwa katika aya moja: rahani, ambayo mdai ameruhusiwa kuishika, na ushahidi, ambao amekatazwa kuuficha. Anayeufanya ushahidi kuwa rahani amekichukua kilichokatazwa akakitia mahali pa kilichoruhusiwa.

Tena wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameeleza kwamba kitu kisichofaa kuuzwa hakifai kuwekwa rahani, kwa sababu shabaha ya rahani ni kwamba deni likishindikana kitu kiuzwe na mdai ajilipe. Mtume (s.a.w.) alipofariki deraya yake ilikuwa rahani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri alizozichukua kwa ajili ya chakula cha nyumba yake. Deraya ni mali, nayo ina bei sokoni. Je, hati ya binti yule ina bei gani? Nani atainunua? Chuo kikiipeleka mnadani hapatatokea wa kuitolea hata shilingi 10, kwani haimfai mtu yeyote duniani illa yeye mwenye jina lililoandikwa juu yake.

Hapa atasimama mtu mwenye akili aseme: sheikh, mbona fundi cherehani huishika kanzu mpaka alipwe ujira wake, wala hapana anayemlaumu? Hii ni hoja nzuri, nayo yastahili jibu. Fundi aishika kanzu kwa sababu kazi yake imo ndani ya kanzu. Asipolipwa, iko nguo mkononi mwake yenye thamani, na mteja amebaki bila ya kile alichokuja kukitafuta. Ama mwalimu, kazi yake haimo ndani ya karatasi. Kazi yake imo kifuani mwa mwanafunzi, na kifua hakifungiwi kabatini. Kile kilichouzwa kimekwisha chukuliwa. Kilichobaki chuoni ni khabari zake tu. Na kitu ambacho hakimfai mshikaji kwa lolote, illa kwa kiasi kinavyomuumiza mwenyewe, hakiitwi rahani. Hicho ni kiungo cha mtu kilichokamatwa ili apige kelele, na jamaa zake wasikie, wakauze shamba.

Iko tena haki ya mtu wa tatu, ambayo mara nyingi husahauliwa. Chuo cha uuguzi hakidaiwi karo na chuo cha kwanza. Kinachotaka ni kumjua mtu kinayempokea, nacho kina haki ya kumjua, kwa kuwa kesho atakabidhiwa sindano, dawa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kinapouliza matokeo yake, huko ndiko kumwita shahidi. Shahidi akinyamaza kwa sababu ana ugomvi wake wa fedha na yule anayeshuhudiwa, amemnyima ukweli mtu asiyehusika na ugomvi ule. Na nyuma ya chuo cha uuguzi wako wagonjwa, ambao hawajui hata kama ugomvi huo upo.

Na ushahidi wa kweli ukifungiwa, wa uongo hautakosa wa kuuuza. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba ukaguzi uliofanywa katika ofisi za serikali umegundua vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi. Hatusemi kwamba walioghushi walizuiliwa vyeti vyao. Wengi wao yamkini hawakusoma kabisa. Twasema kwamba nchi yenye maradhi hayo ina haja kubwa ya kila taasisi kuharakisha kusema kweli inapoulizwa, wala si kuifanya kweli kuwa bidhaa ya kukomboa deni.

Watu wa serikali nao wamefika karibu na maana hii kwa njia yao. Sheria ya Baraza la Mitihani la Taifa ya mwaka 2012 imesema wazi kwamba vyeti vya Baraza hilo visizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Si mara moja wala mbili mawaziri wa elimu wamewaamrisha wakuu wa shule wavitoe vyeti walivyovikalia kwa ajili ya karo. Lakini sheria hiyo ni ya vyeti vya Baraza. Hati za matokeo ambazo vyuo vikuu huziandika vyenyewe si vyeti vyake, na hapo ndipo binti wetu aliponasa. Katika jambo lililo jirani na hili, mwezi wa Septemba 2015, Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa gharama kulikuwa kinyume cha Katiba. Hata Marekani, nchi isiyojulikana kwa kusamehe madeni, jimbo la California lilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuvikataza vyuo kuzuia transkripti ili kudai deni, na jimbo la New York likafanya hivyo mwaka 2022. Sheria hizo hazikufuta deni hata senti moja. Zimekataza njia moja tu ya kulidai.

Yuko atakayesema: mkizitoa hati, hapana atakayelipa, vijana wataondoka na vyuo vitafilisika. Hofu hii ni ya kweli, na asiyeijali hajawahi kuendesha hata madrasa ya watoto 20. Lakini hofu haihalalishi kila kitu. Mwenye duka naye ahofia kuibiwa, wala haimpasi kumshika mtoto wa mteja. Chuo kina njia za halali, nazo si chache. Chaweza kukataa kumwandikisha mdaiwa kwa muhula mwingine, kwani hapana alazimishwaye kuuza kwa mkopo. Chaweza kumwandikisha mkataba wa deni na wadhamini wake. Chaweza kumshitaki mwenye uwezo anayefanya inda, mbele ya hakimu, ili mdai asiwe yeye ndiye mshitaki, yeye ndiye hakimu, na yeye ndiye mwenye kutekeleza. Chaweza hata kutoza gharama ya kuiandika na kuituma hati yenyewe, kwani shahidi hatakiwi kupata hasara kwa kushuhudia. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, hukopesha leo na kudai kesho, mkopaji anapoajiriwa, kwa kukatwa katika mshahara. Wako wengi wasiolipa hata huko, hatukatai. Lakini msingi wake ni wa sawa: deni hutafutwa mahali ambapo mdaiwa atapata fedha, wala halizibi njia ya kufika mahali hapo.

Wazee wetu wa Pwani wayajua haya zaidi kuliko wengine. Biashara yao ya bara, katika siku za misafara ya Wakamba na Waswahili, ilisimama juu ya mali kauli: bidhaa alizopewa mtu kwa neno lake tu, aende nazo, auze, arudi alipe. Walioaminiwa hawakuwa wote waaminifu, na hasara zilikuwako. Lakini tajiri aliyempa mtu mali kauli hakumfunga miguu kisha akamngoja arudi na faida. Alijua kwamba njia ya kulipwa kwake ni safari ya mdaiwa wake.

Basi jibu letu kwa waliotuuliza ni hili. Kuzuia hati ya matokeo kwa ajili ya karo hakujuzu, hata kama deni ni la haki. Na deni halipungui kwa sababu chuo kimekosea katika kulidai. Mawili hayo husimama pamoja, na mwenye kulishika moja akaliacha la pili hakufahamu.

Kwa mwanafunzi twasema: ukipewa hati yako usiichukue kama aliyeponyoka mtegoni. Andika deni lako kwa mkono wako, utaje kiasi na miezi, na ulipe japo kidogo kidogo tangu mshahara wa kwanza. Ukifanya kinyume utakuwa umemfungia mlango mwanafunzi anayekuja nyuma yako, kwa maana kila anayekimbia huwapa wenye makabati hoja ya kununua kufuli mpya.

Na kwetu sisi, watu wa mji, liko neno zito zaidi. Katika Sura ya Attawba, aya ya 60, wametajwa wanaostahiki zaka, na miongoni mwao wako wenye kulemewa na madeni. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kuuliza katika mtaa wao ni mtoto yupi hati yake imekwama chuoni? Desturi yetu inapofika Ramadhani ni kuigawanya zaka sarafu kwa sarafu mlangoni, mpokeaji akapata cha kununulia sukari ya siku mbili, kesho akarudi yeye yule na umasikini wake ule ule. Harusi zetu twazichangia kwa ngoma na pilau mpaka mwenye harusi abaki na deni, wala hatusikii haya kukopa harusi na kulipa matanga. Lakini binti anayetaka kuwa muuguzi, ambaye kesho atawasitiri mama zetu hospitalini, hukosa mtu wa kumwekea hata dhamana ya maandishi.

Tena dhamana haihitaji utajiri. Watu watatu wa msikiti mmoja wakikaa pamoja, wakamwandikia mkuu wa chuo barua kwamba sisi twamjua huyu, na deni lake twalidhamini kwa mafungu ya miezi kadha, hapo wametenda alilolitenda Abu Qatada. Akishindwa yeye, watalipa wao. Na katika zaka zao wenyewe au za ndugu zao patapatikana. Watafutwe hao watatu katika kila msikiti, na jambo hili lisingoje Ramadhani, kwa kuwa nafasi za vyuo hazingoji. Orodha yao na ianze Ijumaa hii baada ya sala, na majina ya watoto wenye haja yaandikwe kwa siri, ili asiaibishwe mtu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Twamuomba atusahilishie kulipa tunayodaiwa, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuficha ushahidi.